MUULIZE ANKO WA PICHA: Ukiruka wimbo, maksi zako sizipokei

Mbukwenyi wasomaji. Wiki hii simu imejaa meseji na karibu wote mnauliza yaleyale, picha za Kihindi za zamani na zile za kutisha za kabla ya rangi, zipi ni kali kweli na zipi zinasifiwa tu kwa sababu ya uzee, na mtu anatoaje maksi bila kujidanganya. Nadhani kuna flashi moja inazunguka hapa Dodoma mjini maana majina ya picha yanafanana mno. Nimechagua machache, mengine yamejirudia.

SWALI: Shikamoo anko. Mi na mume wangu tumejiwekea utaratibu, kila Jumamosi watoto wakishalala tunaweka picha moja ya zamani afu tunaipa maksi kwa 10, tunaandika kwenye daftari. Tatizo ni mwenzangu, wimbo ukianza tu anashika rimoti anapeleka mbele, eti nyimbo zinachelewesha stori. Juzi tumeangalia Mahal ya 1949, yeye kaipa 4 mimi 9, tumelala tumenuniana. Nani yuko sahihi?
Mke wa mtu, Area C

JIBU: Marahaba mwanangu. Wewe uko sahihi, na hiyo 4 ya mwenzako ifute kwenye daftari kwa sababu ameipa maksi picha ambayo hajaiangalia.

Sikia, Mahal ukiitoa nyimbo kinachobaki ni mwanaume anazurura usiku kwenye jumba bovu. Ashok Kumar anafika pale, mtunza bustani anamsimulia habari za wapenzi wawili waliokufa zamani, akija kuangalia picha ya yule marehemu mwanaume anakuta sura ni yake yeye mwenyewe. Mpaka hapo mtu hujaogopa bado, unajiuliza tu imekuwaje. Kinachokuja kukushika ni sauti. "Aayega Aanewala" inaanza polepole, inatoka mbali, hakuna ngoma hakuna nini, unadhani ni mtu yuko nyumba ya pili anajiimbia, jamaa anaifuata, anakatiza vyumba, anapotea anarudi, na sauti nayo inazidi kusogea mpaka anamuona mwanamke yuko kwenye bembea. Yaani mzimu wa ile picha ni wimbo wenyewe! Mkwe wangu akipeleka mbele anakuwa amemruka mzimu halafu anauliza mbona haitishi.

Na ule umbali unaousikia haukutengenezwa na mashine. Lata Mangeshkar alikuwa akisimulia kwamba walipourekodi waliweka maiki katikati ya chumba, yeye akaanza kuimba akiwa pembeni huku anatembea kidogokidogo kuelekea kwenye maiki, na ilibidi afike pale maneno fulani yanapoanza. Wakarudia na kurudia. Santuri zilipotoka wala jina lake halikuwepo, waliandika Kamini, jina la yule mwanamke wa kwenye picha, basi watu wakawa wanaandika barua redioni kuuliza huyu Kamini ni nani na anapatikana wapi. Madhubala mnayemuona kwenye bembea alikuwa na miaka 16. Aliyetunga muziki, Khemchand Prakash, alifariki 1950, mwaka uliofuata tu, sifa zote zile zimemkuta ameshalala.

Afu hata sisi huku tuna deni na hizo nyimbo, wazee wa taarabu wa pwani, Juma Bhalo wa Mombasa na wenzake, walikuwa wanachukua tyuni za Kihindi wanaweka mashairi yao ya Kiswahili, kwa hiyo kuna watu wanajua wimbo wa picha ambayo hawajawahi kuiona.

Ila nisimuonee mkwe. Kuna nyimbo zinazoruka zenyewe, zile steringi na mpenzi wake wanakimbizana kwenye bustani wakati maiti imeachwa sebuleni, hizo hata mimi naenda kuchemsha chai. Kwa hiyo mpime hivi. Jumamosi ijayo muwekee Ittefaq ya 1969 ya Yash Chopra, haina wimbo hata mmoja. Rajesh Khanna anatuhumiwa kumuua mkewe, anatoroka hospitali ya vichaa, anaingia kwenye nyumba ambayo yumo mwanamke peke yake, Nanda, na karibu picha nzima ni usiku huohuo mmoja ndani ya nyumba hiyohiyo. Haifiki hata masaa mawili. Au Kanoon ya 1960, ya kaka yake, B.R. Chopra, hiyo ni ya mahakamani na yenyewe haina wimbo. Sasa akizipa hizo 4 pia ujue tatizo siyo nyimbo, mwenzako ana usingizi, mwache akalale. Akizipa 8, mrudishe kwenye Mahal, zimeni taa, rimoti kaa nayo wewe.

Na msiandike maksi usiku uleule. Mi naandika asubuhi wakati napiga mswaki, kile ambacho bado kipo kichwani ndo cha kupewa maksi, usiku mtu unakuwa bado na machozi au na hasira.

SWALI: Anko niaje. Mimi ni fundi viatu hapa Chang'ombe, nina malalamiko. Nimekaa na Woh Kaun Thi? zaidi ya masaa mawili, nimeogopa mpaka nikafunga mlango wa nyuma, afu mwisho naambiwa [hapa nimekata mwenyewe, anko]. Kwa hiyo mzimu hamna! Nimeibiwa, nimeipa 2.
Fundi, Chang'ombe

JIBU: Poa fundi. Mwisho nimeukata kwa sababu kuna wenzako hawajaiona, msiwe mnaharibu.

Ila nakuelewa. Sisi huku mtu akisema ameona kitu usiku hatuulizi ushahidi, tunauliza kilikuwa upande gani wa njia. Kwa hiyo ukija na hiyo akili kwenye picha za Kihindi za miaka ya 60 utaumia sana, maana nyingi zimezaliwa na riwaya za upelelezi za Kiingereza. Bees Saal Baad ya 1962 imetokana na ile hadithi ya Conan Doyle ya mbwa wa Baskerville, Kohraa ya 1964 muongozaji ni yuleyule, Biren Nag, na imetokana na Rebecca, Gumnaam ya 1965 imechukua kwa Agatha Christie. Kule Uingereza kwenye vitabu vyao mtu akisikia mlio usiku anatafuta nani kafaidika. Ndo swali la kubeba unapoangalia hizi, anayeogopa ni nani, na akishaogopa mpaka akapoteza akili, mali inabaki kwa nani?

Sasa chukua dakika za mwanzo za hiyohiyo uliyoipa 2. Mvua inapiga, daktari Manoj Kumar anaendesha gari usiku, mbele barabarani amesimama mwanamke kwenye sari nyeupe, Sadhana. Anampakia. Waipa za gari zinagoma, yeye haoni kitu mbele ya kioo, mwanamke anamwambia anaona njia vizuri tu na anamuelekeza apite wapi. Kidole chake kinatoka damu, daktari anashtuka, mwanamke anasema yeye damu anaipenda. Anashushwa wapi? Makaburini, na geti linajifungua. Hakuna kelele, hakuna kitu kinachoruka kwenye kioo kama muvi za siku hizi, ni mvua na uso wa Sadhana basi. Aliyepiga ile picha, K.H. Kapadia, alipewa tuzo ya Filmfare, zile tuzo kubwa za filamu za Kihindi, na mi nasema alistahili, lile giza limepangwa.

Afu humohumo kuna "Lag Jaa Gale", muziki wa Madan Mohan, anaimba Lata tena. Watu wanaiweka kwenye harusi siku hizi, wanadhani ni wimbo wa mapenzi. Angalia inaimbwa wapi na nani anamuimbia nani, na yule mwanaume anatazama vipi, utapata baridi.

Rudia hizo dakika za mwanzo ukiwa unaujua mwisho, uone kama walikudanganya au ni wewe hukuangalia vizuri. Kama kuna kitu mle ambacho maelezo ya mwisho hayakigusi, hapo punguza maksi bila huruma, na kwenye hii vipo, ile sehemu ya mwisho wanaeleza harakaharaka kama watu wanaowahi basi la mwisho stendi. Mimi kwa hilo nimewakata, nimewapa 7 na nusu. Lakini 2 hapana fundi. 2 mpe picha ambayo haikukufanya ufunge mlango.

Ukitaka roho ya kweli, isiyoelezewa na polisi, kaangalie Madhumati ya 1958, Bimal Roy ndo muongozaji, Dilip Kumar na Vyjayanthimala, mambo ya mtu kuzaliwa mara ya pili. Ilibeba tuzo 9 za Filmfare, na rekodi hiyo ilikaa mpaka katikati ya miaka ya 90 ndo ikavunjwa. Na ukitaka mashetani yenye kucha na manyoya kuna akina Ramsay, wale ndugu wa picha za kutisha, Purana Mandir ya 1984 na Veerana ya 1988. Hizo usizipime na Madhumati utakuwa huwatendei haki. Mask inaonekana kabisa ni mask, lakini ule moshi na zile taa za rangi wanajua kuzitumia, na kwenye kibanda cha video kila mtu anapiga kelele, kazi imefanyika.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama mtu mzima, mstaafu, niko Mpwapwa. Wajukuu zangu wamekuja likizo nikawawekea Mother India niliyoiona ujanani nikalia sana. Wao wamecheka, wanasema ndefu, kilio kitupu, wameipa 3. Imeniuma. Niwaambie nini?
Bibi, Mpwapwa

JIBU: Shikamoo mama. Pole, wajukuu ndo walivyo.

Wewe usiwaambie kwamba ni picha kubwa, hilo halijawahi kumfanya mtoto apende kitu. Waambie ni picha ya mkopo kausha damu. Basi, hapo watakaa, maana hakuna nyumba siku hizi isiyojua kausha damu. Angalia hesabu yenyewe, mama mkwe wa yule mwanamke anayechezwa na Nargis alikopa rupia 500 kwa ajili ya harusi, karatasi hawezi kusoma, mkopeshaji Sukhilala anakuja kudai na wazee wa kijiji wanaona imeandikwa hivyo, riba ni robo tatu ya mavuno. Kila mwaka. Kwa hiyo wanalima, wanavuna, gunia tatu kati ya nne zinaondoka na deni liko palepale. Mtoto wa Mpwapwa au wa Bahi anayejua mvua ikigoma nyumbani kunakuwaje, haitaji kuelezwa ile sura ya Nargis anapovaa jembe la kukokotwa mabegani akalivuta yeye badala ya ng'ombe. Pale kaa kimya mama, usiongee, waache waangalie miguu yake kwenye tope.

Na yule Sukhilala anayeudhi vile, Kanhaiyalal, alikuwa ameshamcheza huyohuyo mkopeshaji kwenye Aurat ya 1940, maana Mehboob Khan alirudia picha yake mwenyewe baada ya miaka 17, akaongeza rangi na ukubwa. Jamaa miaka yote hiyo anadai tu!

Kuhusu urefu, wajukuu wana haki kidogo. Inakaribia masaa matatu na ilitengenezwa kwa watu waliokuwa wanapewa mapumziko katikati, wanatoka wanakunywa soda wanarudi. Wewe uliiona hivyo, wao umewakalisha kwenye kochi bila kupumua. Ikate usiku wa kwanza na wa pili. Na usiku wa pili kabla haijaanza wape umbea, hawa watoto wanapenda umbea, kwamba wakati wanapiga ile sehemu ya moto, moto ulikuwa wa kweli, ukamzunguka Nargis, aliyeruka ndani kumtoa ni Sunil Dutt ambaye kwenye picha anacheza kama mtoto wake yule mkorofi, Birju, akaungua, na mwaka 1958 wakaoana. Watakaa kuangalia Birju kwa macho mengine kabisa.

Hii ndo picha ya kwanza ya India kuingia kwenye zile tano za Oscar za filamu za nje. Mi maksi yangu ni 9, moja nimeikata kwenye vichekesho vya katikati. Wao wakibaki na 3 waache mama, ila wapeleke shambani Desemba.

SWALI: Anko, mwanafunzi wa UDOM hapa. Kwenye zile app za kutoa nyota picha za zamani zote zina nyota nyingi mno, ni kweli zote ni kali? Afu nipe za kizungu za kutisha za zamani za kuanzia, boom, hela yetu ya mkopo wa chuo, halijatoka kwa hiyo ziwe za bure.
Mwanafunzi, UDOM

JIBU: Siyo zote ni kali. Fikiria nani anaingia kuipa nyota picha ya 1951, ni mtu aliyeitafuta kwa sababu anaipenda, au babu yake aliipenda. Aliyechoka nayo dakika ya ishirini alizima akalala, hakuandika kitu. Na zile mbovu za mwaka huohuo nani anazikumbuka, nyingine hata mkanda haupo tena. Kwa hiyo nyota zitumie kujua watu wangapi wameipigia kura, ukikuta wengi na ya zamani, jaribu.

Za bure. Night of the Living Dead ya 1968, George Romero, ya maiti zinazotembea. Waliposambaza walibadilisha jina la picha na kwenye jina jipya wakasahau kuweka ile alama ya hakimiliki, kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya umma hapohapo, kwa hiyo ishushe bila hofu. Steringi ni mtu mweusi, Duane Jones, mwaka 1968 hiyo, na mwisho wake sikwambii. Ya pili Nosferatu ya 1922, ya Ujerumani, haina sauti. Mjane wa mwandishi wa Dracula aliwashtaki kwa kuiba hadithi ya mumewe, mahakama ikaamuru nakala zote ziharibiwe, zikabaki chache zilizokuwa zimeshasambaa ndo hizo tunaangalia. Tafuta nakala iliyosafishwa, siyo ile ambayo watu wanatembea kama wanafukuzwa, ile imechezwa kwa spidi siyo yake.

Boom likitoka ndo utafute Psycho. Muongozaji wake, Hitchcock, alikataza watu kuingizwa ukumbini ikishaanza, na wewe usiianzishe ukiwa unakula na usiache mtu akupigie simu. Ile ya bafuni walipiga kwa siku 7 na haifiki dakika moja. Damu unayoiona ni shira ya chokoleti. Kujua hilo hakupunguzi kitu, mi nilishajua na bado nakunja vidole.

SWALI: Anko mi nauza mahindi Kibaigwa, jioni naenda kibanda umiza, tumeona Bees Saal Baad iliyotafsiriwa na dijei. Nzuri sana nimecheka mwanzo mwisho, 10 kwa 10. Nashangaa hapa kwenye gazeti mnasema inatisha.
Mfanyabiashara, Kibaigwa

JIBU: Ndugu yangu hiyo 10 ni ya dijei. Mpe, ameifanyia kazi.

Na hii ni sanaa ya kwetu siidharau hata kidogo, tangu enzi za marehemu Lufufu Dar es Salaam watu wanajaza vibanda kwa ajili ya mdomo wa mtafsiri, picha yenyewe inakuja baadaye. Ila dijei hawezi ukimya, akiona mtu anatembea kwenye nyasi usiku bila kusema kitu lazima aingize utani, na Bees Saal Baad ni picha ya ukimya, ni kinamasi, ukungu, na wimbo "Kahin Deep Jale Kahin Dil" unaoelea humo mpaka mtu anausogelea mwenyewe. Dijei ameimba juu yake, sivyo? Nilijua. Andika maksi mbili, ya dijei na ya picha, na ya picha iache wazi mpaka uione tena na sauti yake hata kama Kihindi hukisikii. Waheeda Rehman haitaji mkalimani pale.

SWALI: Ijumaa nina laptop yenye chaji ya picha moja tu na umeme hauaminiki. Gumnaam au Teesri Manzil? Haraka anko.
Nzuguni

JIBU: Gumnaam. Dakika za mwanzo tu kuna "Jaan Pehchan Ho" ya Mohammed Rafi, klabu nzima inacheza mpaka shingo zinataka kukatika, Laxmi Chhaya kavaa kinyago, baada ya hapo ndege inawaacha watu porini na wanaanza kufa mmojammoja huku Mehmood anawapikia. Chaji ikiisha katikati utakuwa umeshapata utamu. Teesri Manzil ukiikatia njiani hutalala, mtu ameanguka kutoka ghorofa ya tatu na unataka kujua nani kamsukuma, hiyo isubiri umeme.